Tunamdai Maadili, Tunamnyima Nyenzo

Katika vilima vya Kuria Mashariki, mahali mji wa Kegonga ulipokaa karibu na mpaka wa Tanzania na mashamba ya mahindi na tumbaku yakapakana na nyua za shule, yupo mtumishi mmoja ambaye hutakiwa uadilifu wa kadhi, subira ya nyanya na macho ya tabibu, na ambaye ukimwuliza ni nani aliyemwajiri, kwa mkataba gani na mpaka lini, aghalabu hufikiri kidogo kabla ya kujibu. Huyo ni mwalimu wa chekechea. Wazee wangali wakimwita mwalimu wa nasari, ijapokuwa darasa lake limebadilishwa jina mara kadha wa kadha hata likawa leo PP1 na PP2. Watoto anaokabidhiwa wana umri wa miaka minne na mitano, yaani umri ambao binadamu huamini kila aambiwalo na mtu mzima, na husimulia kila alionalo nyumbani bila ya kupima ni nani anayesikia.

Dai langu katika makala haya ni moja, nalo si geni ila limeachwa kando: kwamba maadili ya mwalimu huyu na nyenzo za kazi yake ni jambo moja lisilokubali kugawanywa, na kwamba mwajiri amtakaye mwalimu awe mwadilifu kamili, ilhali amemnyima ujira wa hakika, mkeka, maji na mtu wa kumwuliza shauri, huyo mwajiri ndiye wa kwanza kuyavunja maadili anayoyahubiri. Sisemi hivyo ili kumkinga mwalimu mwovu. Mwovu na ahukumiwe, tena upesi. Nawasema wale wengi ambao nia yao ni safi na mikono yao ni mitupu.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Na kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Migori ikiwa mojawapo ya zile 47, mwalimu wa nasari akawa mtumishi wake. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 237, iliiachia Tume ya Huduma za Walimu, TSC, kazi ya kusajili walimu wenye mafunzo nchini, na Tume ina Kanuni zake za Maadili za mwaka 2015 ambazo kila mwalimu aliyesajiliwa yumo ndani yake. Natija yake ni kwamba mwalimu mmoja ana mabwana wawili: mmoja amwandikaye katika daftari na awezaye kumfuta, na wa pili amlipaye, au asemaye kwamba atamlipa. Mwenzake wa Gredi ya Kwanza, ambaye ukuta mmoja tu ndio unaowatenga, na ambaye hukaa naye katika chumba kimoja cha walimu wakinywa chai ya birika moja, ana bwana mmoja, mshahara wa tarehe inayojulikana na malipo ya uzeeni. Watoto ni wale wale. Tofauti ni mwaka mmoja wa umri.

Wala hali hii haikuanza na ugatuzi. Baada ya uhuru shule za nasari zilijengwa kwa harambee, na mwalimu wake alilipwa na wazazi, kwa hiyo mwezi ambao mavuno yalikuwa haba, ujira nao ulikuwa haba au haukuwapo kabisa. Serikali iliingia polepole: mradi wa elimu ya chekechea ulianzishwa mwaka 1972 katika Taasisi ya Elimu ya Kenya kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kisha vikafuata vituo vya wilaya vilivyoitwa DICECE, ambavyo viliwafunza walimu wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Disemba huku miezi mingine wakiendelea kufundisha. Wengi wa walimu wakongwe wa nasari nchini ni matunda ya mafunzo hayo ya likizo. Kisha mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, nasari ikaachwa nje, na wazazi wengi, kwa hesabu ambayo siwezi kuwalaumu kwayo, wakaona hakuna haja ya kulipia nasari ilhali darasa la kwanza halina malipo. Mwalimu akapungukiwa na watoto na ujira kwa pamoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu ya msingi, na mwaka 2021 ikapatikana sheria mahsusi ya elimu ya watoto wadogo. Karatasi, basi, hazikukosekana.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanazuoni mmoja wa Marekani, Lilian Katz, aliandika insha fupi kuhusu maadili ya wanaowahudumia watoto wadogo, na hoja yake ya kwanza ingali na uzito hata leo: kadiri mhudumiwa anavyokuwa dhaifu mbele ya mhudumu, ndivyo mhudumu anavyohitaji maadili yaliyo thabiti, maana hakuna wa kumzuia ila nafsi yake. Mgonjwa aliyedhulumiwa na tabibu aweza kwenda kwa tabibu mwingine, na mteja aliyelaghaiwa na wakili aweza kumshitaki; mtoto wa miaka minne hana pa kwenda, wala hajui kwamba amedhulumiwa. Lakini Katz aliongeza jambo ambalo viongozi wetu hupenda kuliruka, nalo ni kwamba mhudumu huyo huyo mwenye nguvu kubwa juu ya mtoto ana hadhi ndogo kabisa machoni pa watu wazima, na mtu wa hadhi ndogo hushindwa kusimama na kusema hapana mbele ya mzazi, mwalimu mkuu au diwani. Ilipofika mwaka 1989, chama cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo cha nchi hiyo kikapitisha kanuni zake za maadili. Na mapema kuliko hapo, tarehe 5 Oktoba 1966 mjini Paris, Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu lilikwisha kutaja wazi kwamba mwalimu wa nasari ni mwalimu kama walimu wengine, wala si yaya aliyeongezewa chaki.

Natuteremke sasa kutoka Paris hadi sakafuni, maana maadili ya chekechea hukaa sakafuni. Chukua asubuhi moja ya msimu wa tumbaku. Majani yanakaushwa katika tanuri ambazo moto wake hautakiwi kuzimika usiku, baba na mama wamekesha kwa zamu wakichochea kuni, na mtoto naye amekesha kwa kuwa hakuna aliyemlaza. Ifikapo saa nne kichwa chake kimelala juu ya meza, kamasi zimekauka puani, na nguo yake inanuka moshi. Mwalimu afanyeje? Kumwamsha kwa ukali ni dhulma. Kumwacha ameinama hivyo shingo ikimwuma si insafu. Kumlaza chini ndilo la haki, lakini sakafu ni ya saruji na baridi, au ni ya vumbi lenye funza, na mkeka haupo. Mtu akisoma Kanuni za Maadili toka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho hataukuta mkeka humo. Na hata hivyo pasipo mkeka ule wema wa mwalimu hauna pa kumlaza mtoto. Nimetaja mkeka kwa kuwa bei yake ni ndogo mno na kukosekana kwake hakuna udhuru. Ningeweza kutaja maji ya kunawa, choo ambacho tundu lake halimtishi mtoto, au msaidizi wa kubaki na darasa pindi mwalimu ampelekapo aliyeugua zahanati.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo Kuria hulijua kuliko sehemu nyingi za nchi. Sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji humhesabu kuwa mkosaji hata yule ajuaye kwamba tendo litafanywa naye akanyamaza, na Kifungu cha 53 cha Katiba humkinga kila mtoto dhidi ya mila zenye madhara. Hayo ni mema, na mimi nayaunga mkono bila ya kusitasita. Ila na tuulize: nani hulijua jambo hili kwanza? Msimu wa Disemba ukikaribia, si chifu ajuaye kwanza, wala si polisi. Mtoto wa PP2, katika mazungumzo ya asubuhi ambapo kila mmoja huulizwa habari za nyumbani, husimama kwa furaha akasema dada yake anashonewa nguo mpya, shangazi zake wamekuja, na nyanya amesema kutakuwa na ngoma. Mwalimu amesikia, na tangu dakika hiyo sheria inamtazama. Mwalimu huyo ni binti wa ukoo ule ule, amepanga chumba kwa jirani wa familia ile, na mkataba wake, ukiwa ni wa wale walioajiriwa kwa mkataba kama ilivyo katika kaunti nyingi, unangoja sahihi ya watu ambao nao wanangoja kura za wazee wale wale.

Hapo ndipo tunapomwambia, "Mwalimu, kuwa jasiri." Je, ujasiri huo tumeuwekea ngome gani? Akiripoti, jina lake litafichwa na nani? Akihamishwa nyumba usiku, kodi atailipa kwa mshahara upi? Sisemi anyamaze, mtoto wa kike hana mwingine wa kumtetea, na kunyamaza hapo ni kushiriki. Nasema kwamba serikali ikimtwika mtu wajibu wa kuripoti, nayo imejitwika wajibu wa kumlinda, na ikiwa haikumwekea afisa wa watoto anayefikika kwa simu, wala njia ya siri, wala ajira isiyotikiswa na chuki za kijiji, basi imempa kazi ya askari kwa ujira wa kibarua.

Mpaka ulio karibu na Kegonga nao una funzo la ajabu, kwa kuwa Wakuria wa upande huu na wa Tarime ni watu wamoja ambao sheria mbili zimewagawa. Upande wa Tanzania, darasa la awali huwamo ndani ya shule ya msingi, na mwalimu wake ni mwajiriwa wa serikali katika utumishi ule ule wa wenzake. Jambo hilo twapaswa kulionea wivu, ijapokuwa madarasa ya awali huko yamefurika watoto kupita kiasi. Ila upande huo huo kanuni za nchi zingali zikiruhusu kiboko shuleni, chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu na kwa idadi ya viboko iliyowekwa. Upande wa Kenya kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kikathibitisha kuwa ni kosa la kutozwa faini au kufungwa. Lakini mwalimu anayekatazwa kiboko ndiye asiyejua atalipwa lini. Laiti tungekuwa na hekima, kila upande ungeazima kwa mwenzake kile kilicho chema.

Kwa upande wetu, kiboko bado kipo, na mwenye kukana huyo hajapita karibu na dirisha la shule. Kwa nionavyo, katika chekechea aghalabu hakitokani na ukatili bali na wingi wa watoto na uchache wa kazi ya mikono: watoto hamsini waliokalishwa kimya wakiimba a-e-i-o-u kwa saa nzima, wasio na cha kushika, watafinyana, watapigana, na mwalimu atainua fimbo. Mpe mchanga, maji, vibao, mbegu, kamba na nafasi ya kuwagawa watoto makundi, nawe utaona fimbo imelala juu ya kabati hata buibui akaifanya mlingoti. Lakini mwalimu aliye na nyenzo zote hizo naye akapiga mtoto, huyo hana udhuru wowote, na mwenye kumfichia ni mshirika wake.

Kuna na suala la uji. Shule nyingi huchangisha wazazi pesa za uji, na mwalimu wa nasari, ambaye hana karani, ndiye mtoza ushuru, mwenye daftari na mgawaji. Saa ya uji ikifika, watoto wanapanga foleni na vikombe vyao vya plastiki, na yule ambaye jina lake halina alama daftarini husimama kando na kikombe kitupu. Nawaomba wasomaji wasilione hili kuwa jambo dogo. Mtoto wa miaka minne hajui maana ya deni. Ajuacho ni kwamba mwalimu aliyemwimbia asubuhi amempita. Hapa sina ulaini: hakuna sheria, bodi wala mzazi awezaye kumhalalishia mwalimu kumnyima uji mtoto kwa kosa la baba yake, na mwalimu mkuu atoaye amri hiyo amri yake haitiiki. Kadhalika kumsema mzazi mdeni mbele ya darasa, kumpa kiti cha mbele mtoto wa mtu mwenye gari, kumpiga picha mtoto mchafu na kuituma katika kundi la WhatsApp la wazazi. Haya hayahitaji bajeti yoyote kuyaacha. Yapo maadili yanayongoja nyenzo na yapo yasiyongoja, na mwalimu mwaminifu hachanganyi haya na yale ili ajipatie kisingizio.

Kuhusu nyenzo zenyewe, mfano bora niujuao Afrika Mashariki ulianzia Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale viongozi wa Waislamu wa pwani, wakihuzunika kuona watoto wao wanabaki nyuma shuleni, walipoomba msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa huko huko Mombasa, akazunguka mitaa na misikiti akiwashawishi wazee na akina mama waanzishe chekechea ndani ya madrasa zao. Mpango ule baadaye ukavuka bahari hadi Zanzibar, ukafika na Uganda. Watu husifu sana vifaa vyake vilivyotengenezwa kwa vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, mbegu na mabaki ya nguo, na sifa hiyo ni ya haki. Wanalosahau kulisifu ni lile lililo kubwa zaidi: kwamba mwalimu hakuachwa peke yake na vifuu vyake. Alifunzwa, kisha mkufunzi akamtembelea darasani mara kwa mara kwa muda wa kama miaka miwili, akakaa naye chini, akamwonyesha, akamsikiliza, na jamii ikajua ni nani anayewajibika kwa nini.

Nasisitiza hilo kwa kuwa "nyenzo za kienyeji" limekuwa neno tamu katika semina zetu, na utamu wake unatumika vibaya. Magunzi ya mahindi ya Kegonga ni kifaa kizuri cha kuhesabia, udongo wa mfinyanzi ni bora kuliko plastiki nyingi za dukani, na hadithi za Kikuria zinazosimuliwa na bibi aliyealikwa darasani hazina bei. Lakini magunzi hayageuki kuwa kitabu cha picha, wala udongo hauwi choo. Afisa amwambiaye mwalimu atumie vilivyomzunguka, kisha akapanda gari akarudi mjini, amemtaka mwalimu agharimie elimu ya umma kwa jasho lake. Na gari hilo mara nyingi limekuja kufungua darasa jipya. Tangu ugatuzi kaunti zimejenga madarasa mengi ya chekechea, na ni halali yao kushukuriwa. Ila ukuta hupigwa picha na utepe hukatwa mbele ya halaiki, ilhali mshahara uliolipwa kwa wakati haupigwi picha na mtu. Kila hotuba ya siku hiyo haikosi "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na mwalimu amleaye amesimama nyuma ya hema akigawa soda.

Nini basi kifanywe, katika Kegonga na kwingineko? Kwanza, ajira: ya kudumu, yenye ngazi na mshahara wa tarehe, kwa kila mwalimu wa chekechea aliyesajiliwa. Hilo likikosekana mengine yote ni mapambo. Kisha pawepo kituo kimoja cha walimu pale Kegonga, chumba tu chenye kabati la vitabu vya picha, mashine ya kuchapia, gundi, rangi, mikeka ya kuazimwa na mkufunzi mmoja ambaye kazi yake si kukagua bali kushauri, ili mwalimu aliyesikia habari ya kutisha kinywani mwa mtoto awe na mtu wa kumwendea kabla jua halijatua. Hapo ndipo na kanuni za maadili ziandikwe upya kwa ufupi, karatasi isiyozidi kurasa mbili, kwa Kikuria, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, zikitungwa na walimu wenyewe kutokana na mambo yaliyowafika: mtoto aliyelala, dada aliyeshonewa nguo, kikombe kitupu. Upande mmoja uandikwe wajibu wa mwalimu. Upande wa pili uandikwe wajibu wa kaunti, wa bodi ya shule na wa mzazi. Na pande zote zitiwe sahihi.

Nawe mzazi usingoje kaunti. Lipa pesa za uji uwezapo, na usipoweza, mwendee mwalimu umwambie kwa faragha. Usimtake amfundishe mtoto wa miaka minne kuandika insha ili uwatambie majirani. Usimwite "yule dada wa nasari" bali mwalimu, maana ndiye. Na waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Migori, nawaomba kwa taadhima: kabla ya kukata utepe wa darasa jingine la chekechea popote katika kaunti, ulizeni kwanza kama mwalimu atakayeingia humo ana barua ya ajira mkononi, na kama jibu ni hapana, rudisheni mkasi mfukoni.